Paka Aliingiaje Nyumbani Mwetu?

Mabibi na mabwana mlio katika madarasa ya watu wazima, natumaini taa imekwisha washwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu, kwa maana tutayakuta mara nyingi leo: ghala, mawindo, hiari. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike. Nitangoja kidogo.

Vema. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya mfalme wala ya vita. Ni historia ya mnyama ambaye labda hivi sasa amelala chini ya benchi mlilokalia, wala hajali kama redio inasema au imenyamaza. Nataka kuwaeleza habari za paka.

Huenda mtu mzima akanung'unika, "Je, nimeacha shughuli zangu jioni hii nije kufundishwa habari za paka?" Nung'uniko hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba chakula tunachoweka ghalani kina uhusiano mkubwa na mnyama huyu, tena kutojua habari zake kumewahi kuwaponza watu, wala si paka peke yao. Tutafika huko.

Fikirini kwanza wanyama wengine wa nyumbani. Ng'ombe alitiwa kamba na kufungiwa zizini. Punda alibebeshwa mzigo. Mbwa naye babu yake ni mbwa mwitu, mnyama anayeishi na kuwinda pamoja na jamaa zake, na ndiyo maana mbwa hutazama uso wa bwana wake kabla ya kutenda neno. Paka hakukamatwa na mtu. Alikuja kwa miguu yake, akakaa kwa hiari yake. Mambo mawili tunayoyaona kwake kila siku, yaani michezo yake na ule mwenendo wake wa kimwinyi, asili yake ni hiyo.

Habari inaanza yapata miaka 10,000 iliyopita, katika nchi ambazo leo zinaitwa Iraki, Siria, Uturuki na Palestina. Watu wa huko walikuwa wameanza kulima ngano na shayiri. Mkulima akivuna hawezi kula yote siku moja, basi huweka ghala. Na penye ghala, panya hawakosi. Panya wale waliona maisha ya mwituni ni ya taabu, wakahamia vijijini kwa maelfu. Nyuma yao akaja paka wa porini.

Paka huyo wa porini bado yupo, hata hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Wafugaji na wasafiri wa mbugani humwona usiku. Rangi yake ni ya majivu au ya mchanga, ana mistari miguuni, na ncha ya mkia wake ni nyeusi. Ukimwona kwa mbali utadhani ni paka wa jirani aliyepotea njia. Huwinda peke yake, hana mkubwa wala mdogo, wala hagawani mawindo na mtu. Mwaka 2007 wataalamu walitoa majibu ya kupima chembe za urithi za paka karibu elfu moja, wa porini na wa nyumbani, kutoka nchi nyingi. Waliona kwamba paka wote wa nyumbani duniani, awe wa ikulu au wa sokoni, wametokana na paka huyo wa porini wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati.

Sasa angalieni jinsi jambo lenyewe lilivyokwenda, maana hakuna mzee aliyekaa barazani akasema, "Haya, tufuge paka." Paka waliokuwa waoga mno walimwona mtu wakakimbia, wakarudi porini na njaa yao. Wale waliokuwa na ujasiri kidogo walibaki karibu na ghala, wakala panya wakashiba, wakazaa watoto wengi. Watoto wakarithi ujasiri wa mama zao. Miaka ikapita, vizazi kwa vizazi, na kila kizazi kilisogea hatua moja karibu na jiko. Mtu naye aliona panya wamepungua, akamwacha. Kwa kweli paka alijifuga mwenyewe.

Ushahidi wa zamani wa urafiki huo ulipatikana katika kisiwa cha Saiprasi. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walitangaza habari za kaburi moja lenye umri wa miaka 9,500 hivi. Ndani yake alikuwamo mtu, na kando yake, kiasi cha sentimita 40, alizikwa paka wa miezi kama minane. Jambo la kushangaza ni kwamba kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Lazima mtu alimpakia chomboni akavuka naye bahari. Yeyote aliyewahi kumtia paka kikapuni ampeleke nyumba ya pili atafahamu kazi aliyoifanya baharia yule.

Tuingie Misri, maana huko ndiko paka alikopata jina kubwa. Wamisri wa kale walilima ngano na shayiri kando ya mto Nile, wakajaza maghala makubwa, na adui zao walikuwa panya na nyoka. Paka aliwaua wote wawili. Kwa lugha yao walimwita "miu". Sisi nasi twamwita nyau. Inaelekea kila taifa likimwuliza paka jina lake, yeye hujibu vile vile.

Katika picha walizochora makaburini mwao, paka huonekana amekaa chini ya kiti cha bibi wa nyumba, mara nyingine anakula samaki. Mwana mmoja wa mfalme, jina lake Thutmose, aliyeishi zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, alikuwa na paka jike aliyeitwa Ta-Miu, yaani Paka Jike. Alipokufa, mwana wa mfalme alimchongea jeneza la mawe, na ubavuni pakachongwa picha ya paka mwenyewe ameketi mbele ya meza ya vyakula, kama bibi mheshimiwa. Thutmose hakupata kutawala, alikufa mapema. Jeneza la paka wake lipo hata leo.

Baadaye Wamisri walikuwa na mungu wa kike aitwaye Bastet, mwenye kichwa cha paka, na mji wake ulikuwa Bubastis. Herodotus, Mgiriki aliyefika Misri yapata miaka 2,450 iliyopita, aliandika kwamba paka akifa nyumbani kwa maradhi au uzee, wenye nyumba wote hunyoa nyusi zao kwa matanga. Mgiriki mwingine, Diodorus, aliyefika huko yapata mwaka 60 kabla ya Kristo, alishuhudia Mrumi mmoja aliyeua paka bila kukusudia. Watu walimvamia nyumbani kwake wakamwua, ijapokuwa mfalme mwenyewe alituma wakuu wake wamwombee, kwa kuwa aliogopa jeshi la Warumi.

Mkisikia hayo mtasema, "Ama kweli, paka wa Misri walistarehe." Ngojeni kwanza. Wamisri walikuwa na desturi ya kumtolea Bastet sadaka ya paka aliyekaushwa kwa dawa na kuzongwa vitambaa, kama maiti ya mtu mkubwa. Wenye kuhiji walikuja kwa maelfu, na kila mmoja alitaka kununua sadaka yake. Wataalamu wa siku hizi wamewapiga picha za eksirei paka hao, wakaona kwamba wengi walikuwa wadogo, na shingo zao zilivunjwa. Yaani walizalishwa ili wauawe na kuuzwa. Kisha mwaka 1890 meli ilipeleka Liverpool, Uingereza, shehena ya paka waliokaushwa, uzito wake tani 19 na zaidi, yapata paka 180,000, wakauzwa kwa mnada ili wasagwe kuwa mbolea ya mashamba. Mimi nikisoma habari hizo naona kwamba paka wa kuabudiwa hakupata hata nusu ya raha aliyoipata yule Ta-Miu, ambaye alipendwa tu.

Kutoka Misri na nchi jirani zake paka alienea kwa njia ya vyombo vya baharini. Baharia hakumchukua kwa mapenzi. Chombo kilichobeba nafaka, ngozi na kamba kwa miezi mingi ni karamu ya panya, na panya akitafuna tanga na kamba katikati ya bahari, watu hufa. Basi paka akawa baharia.

Pwani yetu inaijua biashara hiyo kuliko sehemu nyingi za dunia. Tangu zamani vyombo vya Arabuni, Ajemi na Bara Hindi vilikuja kwa upepo wa kaskazi vikarudi kwa kusi. Wachimbuzi walipochimba Unguja Ukuu walikuta mifupa ya panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, na ambaye alifika huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hakulipa nauli, alijificha ndani ya shehena. Na alipofika panya, paka hakuchelewa.

Ukienda Lamu utaona matokeo yake. Mji huo unajulikana kwa mambo mawili, punda na paka. Paka wa Lamu ni mwembamba, miguu yake mirefu, masikio yake makubwa, na huketi kizingitini kana kwamba nyumba ni mali ya babu yake. Wageni wengi humtazama wakasema kuwa huyo ndiye paka wa picha za Misri. Sura huwa zinafanana, lakini chembe za urithi zina maneno yake. Paka wa Lamu na Pate walipopimwa walionekana kuwa na undugu na paka wa nchi zinazopakana na Bahari ya Arabuni. Hivyo damu yao inakubaliana na historia ya misimu ya pepo. Hata paka wenye madoa kama magome ya mti, wanaopatikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Watamu, ambao Wagiriama huwaita kadzonzo, ni wa ukoo huo.

Wazee wa pwani walimtazama paka kwa makini, na hekima yao ipo katika methali. Wanasema, "Paka wa nyumba haingwa," maana yake hafukuzwi, kwa kuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Wanasema tena, "Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya." Lakini walimwogopa kidogo pia. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha hadithi za Unguja kilichopigwa chapa London mwaka 1870, aliandika hadithi ya Sultani Majinuni aliyekuwa na paka. Paka yule alianza kuua mifugo, na kila aliposhtakiwa, Sultani alijibu kuwa paka ni wake na mnyama aliyeliwa ni wake. Mwisho paka akawa nunda mla watu, akawala hata wana wa Sultani mwenyewe. Hadithi ile shabaha yake ni Sultani, si paka. Wasikilizaji wa zamani walilifahamu hilo bila kuambiwa.

Sasa tumtazame paka mwenyewe. Mwanafunzi mwenye mtoto wa paka nyumbani atakuwa ameona jinsi anavyofukuza uzi, anavyovizia kidole cha mguu chini ya shuka, anavyoruka hewani bila sababu na kukimbia kama aliyeona pepo. Watoto hucheka. Wakubwa husema ni mjinga. Mtazameni vizuri. Akinyemelea uzi, tumbo lake hugusa sakafu. Husimama, hutikisa makalio, huruka, hukamata kwa makucha na kuuma. Hatua hizo ndizo hizo hizo za kumkamata panya. Mtoto wa paka huanza kuchezeana na ndugu zake akiwa na umri wa majuma manne hivi. Mama naye humletea kwanza panya aliyekufa, kisha panya aliye nusu hai, ili ajifunze. Ni shule kamili, ina mwalimu, ina vifaa, na haina viboko.

Watu wengi humlaumu paka kwa sababu humchezea panya kabla ya kumwua, wakasema ana roho mbaya. Panya ana meno makali, na paka huwinda peke yake. Akijeruhiwa jicho hana wa kumlisha. Kwa hiyo humpiga panya kofi moja moja, humwachia, humkamata tena, mpaka amchoshe ndipo amng'ate shingoni. Na ile desturi ya kuanguka kwa miguu? Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimwangusha paka chali, akampiga picha nyingi mfululizo kwa haraka sana. Picha zilionyesha kwamba paka hugeuza kwanza sehemu ya mbele ya mwili, kisha ya nyuma, akiwa bado hewani. Wataalamu wa Ulaya walishangaa na kubishana. Pwani methali ilikuwapo: "Paka hakubali kulala chali."

Haya, na heshima yake? Ukimwita mbwa, huja mbio. Ukimwita paka, hugeuza sikio moja. Usidhani hakusikia. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka hulitambua jina lake, hata likitamkwa na mgeni. Amesikia, anafikiri. Babu zake hawakuwa na mkubwa wa kumtii, basi amri kwake ni lugha ngeni. Lakini upendo anao, na lugha yake inahitaji kusomwa kama tunavyosoma herufi. Akijipangusa shavu lake mguuni pako, anakutia harufu yake, yaani anakuandika kuwa wewe ni wa nyumba yake. Akikanda blanketi kwa mikono yake ya mbele, anakumbuka alivyokanda ziwa la mama yake. Akikutazama na kufumba macho polepole, anakuonyesha kuwa hana wasiwasi nawe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka hujibu vile vile. Jaribuni leo usiku. Na jambo moja la kuchekesha: paka hawezi kuonja utamu wa sukari, ulimi wake haukuumbwa hivyo. Ukimpa halua ataigeuzia mgongo, wala si kwa maringo.

Tukimwacha paka na michezo yake, turudi kwenye ghala, maana huko ndiko watu walikomtia thamani. Katika nchi ya Wales, mfalme Hywel Dda, aliyekufa yapata mwaka 950, anakumbukwa kwa sheria zinazotaja bei ya paka. Mwalimu, hesabu hii inafaa ubaoni. Kabla hajafumbua macho, peni 1. Akiisha fumbua macho, lakini hajaua panya, peni 2. Akiisha ua panya, peni 4. Tena sheria za nchi ile zilisema kwamba mtu akiua au kuiba paka wa ghala la mfalme, paka ashikwe mkia juu na kichwa chake kiguse sakafu safi, kisha mwenye kosa amimine ngano mpaka ncha ya mkia ifunikwe. Chungu hiyo ndiyo faini. Naona sheria hiyo ilitungwa na mtu mwenye akili, maana ilifidia kwa nafaka ile ile ambayo panya wangeila. Miaka mingi baadaye, mwaka 1868, posta ya London iliajiri paka watatu wailinde ofisi yake ya fedha dhidi ya panya, ikawatengea shilingi moja kwa juma.

Lakini Ulaya hiyo hiyo ilimfanyia paka ubaya mkubwa, na hapa ndipo watu nao waliponzwa. Mwaka 1566, katika mji wa Chelmsford, Uingereza, mwanamke mzee jina lake Agnes Waterhouse alishtakiwa kwa uchawi. Barazani ilielezwa kwamba alikuwa na paka aliyetumwa kudhuru mifugo na watu. Paka yule hakuwa hata mweusi, alikuwa mweupe mwenye madoa. Bibi yule alinyongwa. Kesi za namna hiyo ziliendelea kwa zaidi ya miaka mia, na waliohukumiwa wengi wao walikuwa wanawake wazee, maskini, wasio na mtu wa kuwasemea. Mwaka 1736 ndipo sheria ya nchi ile ilipokomesha kesi za uchawi. Sheria ilibadilika kwa sababu watu wenye elimu walianza kudai ushahidi.

Nimesema hayo kwa sababu ya barua. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu, mama mjane, ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na hati yake inasomeka vizuri sana. Anasema ana paka mweusi. Kuku wa majirani walikufa wengi kwa juma moja, na sasa majirani wananong'ona kwamba paka huyo hutumwa usiku, kwa kuwa macho yake huwaka gizani. Wamemtaka amwue paka, na wengine hawamsalimu tena. Anauliza afanye nini.

Mama, na ninyi majirani mnaosikiliza, nisikieni. Kuku wakifa wengi kwa siku chache, ugonjwa wa kushuku kwanza ni kideri. Ugonjwa huo unayo chanjo, na iko aina inayotiwa jichoni mwa kuku tone moja tu. Mwiteni bwana mifugo kabla ya kumwita mganga. Kuhusu macho: nyuma ya jicho la paka mna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndio unaomsaidia kuona gizani. Mbuzi anao, na ng'ombe anao. Mulikeni zizi kwa tochi usiku mtaona macho yote yanawaka, na hakuna aliyemwita ng'ombe mchawi. Na weusi ni rangi ya kurithi. Paka mmoja huweza kuzaa, tumbo moja, mtoto mweusi na mtoto wa mistari. Mama yule asimwue paka wake. Na mwenyekiti wa kijiji, kama anasikiliza, asingoje minong'ono igeuke mawe. Aende nyumbani kwa mama yule kesho mchana, mbele ya watu, amsalimu, akae, anywe maji.

Sasa neno la mwisho juu ya ghala. Je, paka anasaidia kweli, au ni mazoea yetu tu? Watafiti walifanya kazi katika vijiji vya Eswatini, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 2017. Waliweka chakula karibu na nyumba, wakaangalia panya watakula kiasi gani kabla ya kushikwa na hofu na kukimbia. Penye paka peke yake, tofauti ilikuwa ndogo. Penye mbwa peke yake, vivyo hivyo. Lakini nyumba zilizokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walipungua, na waliokuwapo walikula kwa wasiwasi. Basi wale mahasimu wawili wa hadithi zetu hufanya kazi nzuri zaidi wakikaa ua mmoja. Waleeni pamoja tangu wadogo, watazoeana.

Mpeni paka chakula kidogo na maji, asiwinde kwa kukata tamaa na kuhamia kwa jirani. Msidhani njaa ndiyo humfanya mwindaji, methali ya wali mmekwisha isikia. Mkitega sumu ya panya, fahamuni kwamba paka anayemla panya aliyelishwa sumu huweza kufa naye, na mwezi ujao panya watarudi wakikuta ghala halina mlinzi. Ghala liinuliwe kwa nguzo, mlango ufungwe vizuri. Na mtu akiumwa au kupapurwa na paka, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali, kwa maana kichaa cha mbwa humpata paka vile vile.

Kazi ya juma hili ni hii. Mtazame paka mmoja kwa nusu saa, bila kumshika wala kumwita. Andika sentensi tano juu ya aliyoyafanya: alikaa wapi, alitazama nini, alicheza na nini, masikio yake yalielekea wapi. Wale wanaoanza kuandika waandike maneno matano tu, mwalimu atawasaidia. Wasio na paka waende kwa jirani, na wasipopewa ruhusa wakae sokoni penye samaki. Juma lijalo, saa ile ile, tutaendelea na habari za punda. Kwa herini.